Ngata ya Motokaa: Mazungumzo juu ya Matairi, Ngurumo na Raha ya Safari



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya motokaa. Hatusemi motokaa mpya ing'aayo kama shilingi iliyotoka kiwandani leo. Twasema ile iliyokwisha kuendeshwa na mtu mwingine katika nchi ya mbali, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikanunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, na sasa ni gari la baba na mama na watoto, na la jamaa wote ambao hawakuwa wakija kututazama mpaka waliposikia kwamba tuna gari. Motokaa ya namna hiyo haikosi ila tatu: yanguruma, yatikisa, na matairi yake hatujui yameona mambo gani. Huenda mmoja wenu anatusikia sasa hivi akiwa ndani ya gari kama hilo, na katika kila maneno matatu yetu moja lampotea. Tutaeleza jinsi ya kuzipunguza ila hizo kwa fedha ya kadiri, na kwa nini haifai kuanza na ile ambayo watu wengi huanza nayo, nasi tukiwa miongoni mwao.

Sisi twakaa Tabora, na mtu akaaye Tabora hawezi kusema habari za safari pasipo kuikumbuka njia ya kale. Reli ilifika mjini petu mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo karibu kila kitu kilichotoka pwani, nguo na shanga na masango ya shaba, kilikuja juu ya vichwa na mabega ya watu, na pembe za ndovu zilishuka pwani vivyo hivyo. Wanyama wa kupakia mizigo hawakufaa sana, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza njiani. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi ya upagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani pamoja na msafara wao mwishoni mwa mwezi wa Juni mwaka 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Hiyo ni miezi minne na zaidi kwa mwendo ambao leo dereva aweza kuumaliza kwa siku moja, kama barabara ni njema na gari ni zima.

Tusifiche kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa shingo kwa miti na minyororo, wakaenda kuuzwa, na juu ya raha yao hakuna aliyeuliza. Lakini mpagazi aliyekwenda kwa ujira alikuwa na hekima yake, na hekima hiyo yaonekana hata leo sokoni na kisimani. Kati ya mzigo na mwili wake aliweka ngata, ambayo wengine huiita kata: kitambaa kilichosokotwa, au majani yaliyoviringwa. Ngata haikupunguza uzito wa mzigo hata ratili moja. Kazi yake ni kuueneza uzito ule usikae mahali pamoja, na kukimeza kishindo cha kila hatua kisifike katika mifupa. Twaitaja kwa sababu ndiyo iliyotufungulia somo letu, na aliyetufundisha ni bibi yetu.

Mwaka 2021 tulinunua motokaa ya watu watano, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Ilinguruma sana. Mtu wa kiti cha nyuma alipotaka kusema na dereva ilimpasa kupaza sauti kama mwita punda. Dawa tuliyoifikiri sisi ilikuwa ni muziki. Tukanunua spika mbili kubwa, tukamlipa kijana akatoboa mahali pa kuzitia, na kutoka siku ile ngurumo hatukuisikia tena. Tulijiona werevu.

Katika mwezi wa Oktoba, wakati ule wa joto kali kabla ya mvua, tulimtoa bibi hospitali mjini tumrudishe kwake Urambo, kama kilomita tisini upande wa magharibi, katika njia iendayo Ujiji. Mgongo wake ulikuwa ukimwuma. Hatujatoka bado mjini, katika vichochoro vile vyenye mashimo, bibi akaguna mara tatu, kisha akasema, "Wajukuu zangu, babu yangu mimi alikwenda pwani na mzigo begani, lakini hakwenda bila ngata. Gari lenu hili halina ngata."

Neno lile lilituingia. Tukakumbuka porojo tuliyoisikia kijiweni, kwamba gari likiwa gumu dawa yake ni kutoa upepo. Tukasimama chini ya mwembe, tukabonyeza valvu za matairi yote manne mpaka tukaona mbavu zake zimefura, tukapanda tena. Na kweli gari lililainika. Bibi alitusifu. Tulipofika penye lami tukaongeza mwendo, tukafungulia muziki, tukapita Ndono salama, sindano ya mwendo ikisimama penye tisini. Hatujafika Usoke tukasikia mlio kama wa gobore, na gari likaanza kuyumba na kuvutwa upande wa kushoto. Mwenye usukani aliushika kwa nguvu wala hakukanyaga breki, jambo ambalo alilijua kwa bahati tu, na gari likaishiwa na mwendo polepole, likasimama mtaroni, pua yake ikitazama kichuguu. Hakuna aliyepoteza uhai. Bibi aliumia mkono, si sana, lakini kwa muda mrefu hakusema neno, na kule kunyamaza kwake kulituuma kuliko kama angalitukemea.

Fundi mmoja alitujia kwa baiskeli kutoka Usoke. Alilitazama tairi lililopasuka, tena si upande wa meno, ambayo mafundi wetu huyaita kashata, maana meno yalikuwa mazuri kama ya tairi jipya. Alilipangusa vumbi ubavuni, akatuonyesha tarakimu nne ndani ya duara: 3009. Akatuuliza, "Hamjui kusoma?" Kisha akatueleza, nasi sasa twawaelezeni ninyi.

Tarakimu hizo ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Basi 3009 ni juma la thelathini la mwaka 2009. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mpira huzeeka hata kama haukutumiwa. Jua na joto na hewa huufanya mkavu, ukaanza kupasuka nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na wenzake waliomo ndani, nyuzi na waya za chuma, wakaachana nao. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama meno yake bado ni marefu. Wanafunzi mnaosikiliza, kesho nendeni mkasome tarakimu hizo katika gari la baba au la jirani. Mara nyingine zimeandikwa upande wa ndani, hamna budi kulala chini mtazame. Mkikuta tairi lenye tarakimu tatu tu, fahamuni kwamba lilizaliwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwa mshona katambuga.

Hiyo ndiyo ila ya kwanza aliyoitaja fundi. Ya pili ilikuwa ni upepo tulioutoa kwa mikono yetu wenyewe. Hapa yafaa tukae kidogo, maana jambo hili watu wengi hawalielewi.

Tairi la upepo lilibuniwa kwa ajili ya raha. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata wazo hilo mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888 katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wanyama, alimwona mwanawe akitikiswa vibaya na baiskeli yake ya magurudumu matatu juu ya barabara ya mawe. Magurudumu ya siku zile yalikuwa magumu tupu. Dunlop akazungusha mpira katika magurudumu yale, akautia upepo, na mtoto akaenda bila kutikisika. Hivyo bibi yetu alisema kweli na pia alikosea kidogo. Ngata ya motokaa ipo, nayo ni upepo uliofungiwa ndani ya tairi. Uzito wa gari haubebwi na mpira. Wabebwa na upepo, na mpira ni mfuko tu wa kuushika.

Sasa mtu akiutoa upepo, atakayeubeba uzito ni nani? Ni mbavu za tairi, ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Kila gurudumu lizungukapo, ubavu ulioko chini hukunjwa, ukifika juu hukunjuka. Motokaa kama yetu ikienda kilomita tisini kwa saa, kila tairi huzunguka zaidi ya mara 750 katika dakika moja. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi mara ishirini, kisha kigusishe mdomoni. Utaona kimepata moto, tena ki karibu kukatika. Ndivyo lilivyofanywa tairi letu kutoka Tabora hata karibu na Usoke, juu ya lami iliyochomwa na jua la Oktoba. Ule ulaini aliousifu bibi ulikuwa ni tairi linalojikunja mpaka kufa.

Basi kiasi cha upepo hakipimwi kwa kupiga teke, wala kwa jicho, wala kwa kumwambia kijana wa pampu, "Weka tu." Fungueni mlango wa dereva. Katika nguzo ya mlango pana karatasi iliyobandikwa na watengenezaji wa gari, yenye vipimo vya matairi ya mbele na ya nyuma. Katika magari yatokayo Japani hesabu hizo huandikwa kwa kilopaskali, kwa mfano 230, na pampu zetu nyingi zina hesabu ya ratili kwa inchi, ambayo mafundi huitamka piesiai. Msihangaike. Gawanyeni ile ya karatasi kwa saba: 230 kwa saba ni 33 hivi, na hiyo ndiyo ya kuitaka penye pampu. Karatasi nyingine zina safu mbili, moja ya watu wachache na moja ya gari lililojaa. Mkienda harusini watu watano na gunia la mchele na debe la asali, shikeni ile ya gari lililojaa.

Kipimeni kiasi hicho asubuhi, gari likiwa halijatembea. Tairi likipata moto, upepo wa ndani hutanuka na kipimo hupanda, na dereva asiyejua huutoa, akidhani umezidi. Gari likipoa huwa na upungufu. Kipimo kidogo cha mkononi ni cha bei nafuu kuliko sahani ya wali na nyama kwa watu wawili, nasi twaona kila nyumba yenye gari ingekuwa nacho kabla ya kununua hata kitambaa cha kufunika viti.

Liko na hatari nyingine ijifichayo katika raha. Magari mengi yatokayo Japani huja na matairi ya majira ya baridi, yaliyoumbwa kwa kukanyaga theluji na barafu. Mpira wake ni laini sana kwa makusudi, ili usiwe mgumu kama gome wakati wa baridi kali. Mtayatambua kwa vichanjo vingi vyembamba vya mawimbi katika kila jino, na pengine kwa alama ya chembe ya theluji iliyochorwa ndani ya mlima wenye vilele vitatu. Gari lenye matairi hayo hupendeza mwanzoni: lanyamaza, lalainika, na mnunuzi husema amepata bahati. Lakini katika joto letu mpira ule huisha upesi kama kifutio cha mwanafunzi, na gari hulegea njiani likipinda kwa kasi. Theluji haijaanguka Tabora tangu tuwe na habari.

Vijana nao wana ugonjwa wao. Huona ringi pana zing'aazo, wakatoa zile za asili. Someni ubavuni mwa tairi: 185/70R14. Hiyo 185 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 70 katika kila 100 za upana ule, ndiyo karibu milimita 130. Na 14 ni ringi kwa inchi. Kijana atoapo tairi hilo akatia 205/50R16, gurudumu zima kwa nje hubaki karibu kimo kile kile, lakini ubavu umeshuka mpaka milimita 103 hivi. Amekata kama sehemu moja katika tano ya ngata, akanunua chuma kwa fedha ile. Akianguka katika shimo la njia ya kwenda Sikonge au Ulyankulu, kishindo hakina wa kukimeza, ringi hupinda, na mama aliyekaa nyuma ndiye ajuaye bei yake. Kwa gari la nyumba, katika nchi yenye changarawe na mashimo, ubavu mrefu ni mali. Fuateni kipimo cha karatasi ya mlangoni.

Yaliyobaki juu ya tairi lenyewe tutayapita upesi. Likiisha pande zote mbili na katikati pakabaki, lilikuwa na upepo mchache. Likiisha katikati tu, upepo ulizidi. Likiisha upande mmoja, magurudumu hayakunyoshwa sawasawa, na lazima kwenda kwa fundi mwenye mtambo wa kuyanyosha. Usukani ukitetemeka kwa mwendo wa themanini hivi na kutulia ukipunguza, mara nyingi magurudumu yataka kusawazishwa uzito kwa vipande vidogo vya risasi au chuma. Na meno yakiliwa kwa vidimbwi, juu na chini, juu na chini, msilaumu tairi. Hapo mwenye kosa ni shokapu.

Shokapu ni nini? Watu hudhani ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Ibebayo ni springi. Springi ikibonyezwa na shimo hurudi, ikirudi hupitiliza, ikapitiliza tena, na gari likacheza kama mtumbwi penye mawimbi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani yake pana mafuta na kizibo chenye matundu madogo. Kizibo kikisukumwa, mafuta hujipenyeza kwa shida katika matundu yale, na nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Shokapu ikichoka au mafuta yake yakivuja, gurudumu hurukaruka juu ya barabara badala ya kuikanyaga, na breki haziwezi kushika gurudumu lililo hewani. Katika barabara zetu za changarawe, zile zenye mawimbi mawimbi kama bati, jambo hilo huonekana upesi: gari huteleza kando katika kona ambayo jana halikuteleza. Kwa hiyo shokapu si habari ya mgongo peke yake.

Jaribuni hivi. Simameni penye pembe ya gari, likandamizeni kwa uzito wenu wote, kisha mwachie. Likipanda, likashuka kidogo na kutulia, ni jema. Likicheza mara tatu au nne, shokapu imekufa. Kisha ingieni chini mtazame kama ina utelezi wa mafuta na vumbi limegandamana. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja, maana gari lenye shokapu moja nzima ni kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Wakati huo huo mwambieni fundi atazame bushi, vile vipande vya mpira vilivyokaa kati ya chuma na chuma. Bushi nazo ni ngata. Zikiisha, chuma hugonga chuma, nanyi husikia ko-ko-ko kila mpitapo tuta. Bushi ni rahisi kwa bei, na raha iletwayo nazo ni kubwa kupita kiasi cha fedha yake, sisi tulistaajabu.

Sasa tufike penye ngurumo, ambayo sisi tuliianza kwa kuifunika. Yule fundi wa Usoke alituuliza kama siku zile tairi halikuwa likipiga kelele. Tukasema hatukusikia. Alitazama spika zetu, akatikisa kichwa. Tairi ambalo tabaka zake zinaachana huanza kwa kuvimba mahali, na uvimbe ule hugonga barabara kila mzunguko, tup-tup-tup, na kutetemesha kiti. Pengine lilisema nasi kwa juma zima. Msafara wa kale ulikuwa na kirangozi mbele na ngoma yake, na watu walijua kwa mlio kama kuna kwenda, kuna kusimama, au kuna hatari. Motokaa nayo ina milio yake, na aifunikaye kwa muziki asiseme hakuambiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuinyamazisha, isikilizeni. Zimeni redio, fungeni madirisha, mwende polepole kisha kwa kasi, mtu mwingine akikaa nyuma. Mlio ubadilikao kwa kubadili barabara, mkubwa penye lami ya kokoto na mdogo penye lami laini, ni wa matairi. Mlio wa kuvuma usiojali barabara, uzidio mkipinda upande mmoja na kupungua mkipinda upande wa pili, mara nyingi ni beringi ya gurudumu, nayo haingoji. Mlio uletwao na kukanyaga mafuta, gari likiwa limesimama, ni wa injini au wa bomba la moshi. Bomba lililotoboka lifanyeni upesi kuliko yote, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, na watoto waliolala kiti cha nyuma hawataiona.

Milio midogo ya kugongana ina vichekesho vyake. Sisi tulitafuta mlio mmoja kwa majuma matatu. Tulikaza bamba la namba, tulifunga jeki kwa kitambaa, tulibadili mpira unaoning'iniza bomba la moshi, na mlio ukabaki. Mwishowe ulionekana: gololi mbili za mtoto ndani ya mlango. Hata hivyo kazi ile haikupotea, maana jeki isiyofungwa ni jiwe litakaloruka siku ya ajali.

Baada ya hayo yote, ngurumo ibakiyo huingia kwa njia ya hewa, na hapa watu wa Tabora tuna mwalimu wa bure, nalo ni vumbi. Mahali vumbi lipitapo, na sauti hupita. Oshea gari, pangusa fremu za milango ziwe kavu, nenda safari ya vumbi, kisha rudi ufungue. Utaona mstari mwekundu umeingia mahali fulani, pengine pembeni pa mlango wa nyuma, pengine chini ya buti. Hapo mpira wa mlango umechoka au umetoka mahali pake. Njia ya pili ni karatasi: ibane katika mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira haugusi. Sisi tulibadili mipira ya milango miwili tu, tukaziba matundu matatu sakafuni ambayo vizibo vyake vilikwisha potea, na mazungumzo ya watu wa nyuma yakasikika mbele bila mtu kupaza sauti. Wako wauzao mabamba ya lami ya kubandika ndani ya milango na sakafuni. Yanafaa, lakini ni ya mwisho. Kubandika mabamba juu ya tundu lililo wazi ni kupaka chokaa nyumba isiyo na paa.

Na redio? Twaipenda, la sivyo tusingekuwa hapa. Spika katika mlango hutumia mlango wote kama sanduku lake, kama vile ngoma itumiavyo mzinga. Mlango wenye matundu na bati linalotetemeka hutoa sauti ya kukoroma hata spika ikiwa ya bei kubwa. Kazeni misumari yake, zibeni matundu yaliyotobolewa ovyo, na spika ile ile ya zamani pengine itasema vizuri. Msikilize kwa kiasi ambacho honi ya basi nyuma yenu bado yasikika. Zaidi ya hapo hatuna la kuongeza. Mtu mwenye gari lililotulia huona kwamba hahitaji sauti kubwa.

Sisi tulitumia fedha kwa taratibu hii: matairi manne mapya ya kipimo cha mlangoni, kisha shokapu mbili za nyuma na bushi, kisha kunyosha magurudumu, kisha mipira ya milango. Ilituchukua miezi sita, kwa kuwa fedha haikuwapo yote pamoja. Zile spika kubwa tuliziuza zikalipa shokapu moja.

Mwezi wa Aprili uliofuata tulikwenda Urambo kumchukua bibi aje harusini Tabora. Alilizunguka gari kwanza, akayabonyeza matairi kwa kidole gumba, akatuuliza kama tumeyapima. Tukamwonyesha kipimo. Akapanda, akashika mpini wa mlango kwa mkono ule ulioumia, wala hakuuachia mpaka tulipopita Usoke. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa na maji kando yake. Tulipofika Ndono mkono ulikuwa umelala mapajani, na kichwa chake kimeegemea bega la mjukuu. Tukapunguza redio.